Ombi la Usiku wa Darubini

Mwaka 1800 William Herschel, mwanafalaki aliyeishi Uingereza, aliitawanya nuru ya jua kwa kioo cha pembe tatu, akaona kipimajoto kikipanda nje ya rangi nyekundu, mahali pasipo nuru ionekanayo. Ndivyo miali ya infraredi ilivyojulikana.

Miali hiyo yafaa sana kwa atazamaye kitovu cha Njia ya Maziwa, kilichoko upande wa buruji ya Kausi. Mavumbi ya njiani huzuia karibu nuru yote ya kawaida, lakini infraredi hupenya. Hata hivyo ina taabu yake: hewa na darubini yenyewe, kwa kuwa zina joto, hutoa miali ile ile. Mtazamaji huwa kama atafutaye mwanga wa koroboi adhuhuri.

Mwaka 1994 Andrea Ghez, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, aliomba darubini ya Keck, yenye kioo cha mita 10, juu ya mlima Mauna Kea, Hawaii. Alitaka kupima mwendo wa nyota zilizo karibu na kitovu, ijulikane kama pana shimo jeusi. Ombi likakataliwa. Ilidhaniwa kuwa njia yake haitafaa. Ikifaa, nyota hazitaonekana. Zikionekana, mwendo wake hautapimika.

Swali hilo halikuwa dharau. Usiku uliopotea haurudi, na waombaji ni wengi kuliko usiku. Ombi sharti lionyeshe kitu kitaonekana saa ngapi, nuru yake ni kiasi gani mbele ya mng'ao wa mbingu, na picha zichukue muda gani. Kitovu hicho, kikitazamwa kutoka Hawaii, hakipandi kupita nyuzi 41 hivi, na Desemba hufuatana na jua.

Njia ya Ghez ilikuwa kupiga maelfu ya picha, kila moja kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha kuziunganisha ili kuushinda mtikisiko wa hewa. Haikuwa ndoto: alikwisha kuitumia kwa nyota changa katika utafiti wake wa udaktari. Aliitetea, na mwaka 1995 kazi ikaanza.

Miaka ikapita. Nyota iitwayo S0-2 ilionekana ikikizunguka kitovu kwa miaka 16 hivi, ikivutwa na uzito wa jua milioni 4. Mwaka 2020 Ghez na Reinhard Genzel, ambaye kundi lake lilitazama kutoka Chile, walipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Roger Penrose. Shaka ya kamati ilistahili kuulizwa. Nayo haikujibiwa kwa ufasaha, bali kwa vipimo.