Kolwezi: Mgodi ukifika mlangoni, karatasi za nyumba ziwe tayari

Katika mitaa ya Kolwezi inayopakana na migodi, wakaaji wanajua dalili. Watu wenye kofia za kazi wanapita nyumba kwa nyumba, wanapima kuta, wanahesabu miti na kuandika majina. Usiku huo jamaa nyingi hufungua masanduku kutafuta karatasi. Wengine wanazipata. Wengine wanakuta jina la mzee aliyekufa miaka mingi iliyopita. Wengine hawana kitu, ingawa watoto wao wote wamezaliwa katika parseli hiyo. Historia ya mji wenyewe inaeleza kwa nini iko hivyo.

Kolwezi ilijengwa mwaka 1937 na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906. Wakati huo kampuni ilikuwa imekwisha kubadili namna yake ya kuajiri. Hapo mwanzo iliwachukua wanaume kwa miezi michache tu, kisha wakarudi kijijini. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 iliwapa mikataba ya miaka 3 na kuwaacha walete wake na watoto. Ikajenga kambi, ikatoa posho, ikafungua shule na hospitali.

Lakini nyumba ya kambi haikuwa mali ya mfanyakazi. Ilifuata matrikile, yaani namba yake ya kazi. Kazi ikiisha, nyumba inarudi kwa kampuni. Hati zote zilikaa ofisini, na mtu hakuwa na sababu ya kujifunza kuzitunza. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kibelgiji ilianza kuwasaidia wakaaji wa miji kupata nyumba zao wenyewe. Office des Cités Africaines, iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga mitaa mizima huko Léopoldville na Élisabethville. Katika kambi za migodi nyumba iliendelea kutoka mkononi mwa mwajiri.

Mwaka 1967 mali ya Union Minière iliingia mikononi mwa serikali, na kampuni mpya ikaja kuitwa Gécamines. Wafanyakazi waliiita baba na mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alipotoa mwaka 2001 kitabu chake juu ya jamaa za wafanyakazi, kichwa chake kilisema kwamba watoto wa Shaba wameachwa na baba yao. Wakati huo kila mtu wa Kolwezi alielewa maana yake. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, ilishuka hadi chini ya tani 20,000 mwaka 2003. Mishahara ilikwama. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango wa kuacha kazi kwa hiari, uliolipiwa na pesa za Benki ya Dunia.

Katika miaka hiyo ya taabu nyumba nyingi za kampuni zilipita kwa wale waliokaa ndani. Nyingine ziliuzwa tena kwa karatasi ya mkono na shahidi mmoja. Kabla ya hapo, mwaka 1992 na 1993, mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga. Walioondoka kwa haraka waliacha nyumba au waliziuza kwa bei ya hasara. Ndiyo maana leo jina lililo kwenye hati na mtu anayelala ndani ya nyumba mara nyingi si wamoja.

Sheria haikungojea mambo hayo yatengenezwe. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 inasema udongo ni mali ya serikali. Raia anapata haki ya kuukalia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika iliyoandikwa na mlinzi wa hati za viwanja. Karatasi ya mauzo na fishi ya parseli zinasaidia, lakini hazichukui nafasi ya sertifika.

Madhara yake yameonekana. Kasulo, madini ya kobalti yalipatikana chini ya nyumba mwaka 2014, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta kwa ajili ya mgodi. Mamia ya jamaa yakahama. Katika Cité Gécamines, mgodi wa COMMUS ulipopanuka, wakaaji walipaswa kuondoka. Mwezi wa Septemba 2023 Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi walitoa ripoti. Wakaaji walieleza kwamba pesa walizopewa hazikutosha kununua nyumba kama ile waliyoiacha, na wengine walijikuta pembezoni mwa mji bila maji wala umeme.

Tangu mwaka 2018 sheria ya migodi ina nguvu zaidi. Kifungu cha 281 kinadai malipo ya haki, na thamani ya ardhi huongezwa nusu yake. Kanuni za migodi za mwaka huohuo zina nyongeza nzima juu ya kuhamisha watu: kuzungumza nao kwanza, kuhesabu mali yao, kuwalipa na kuwapa makao mengine. Lakini hesabu hiyo inaandika kile kinachoonekana na kile kinachothibitishwa siku ile.

Kwa hiyo matayarisho hufanywa kabla ya mtu wa kupima kufika. Mwenye karatasi ya mauzo aipeleke komine, kisha kwenye kadasta na kwa mlinzi wa hati. Nyumba ikiwa bado kwa jina la marehemu, jamaa ikae kikao, iandike warithi wote na kwenda mahakamani. Mjane asikubali kutolewa na shemeji: Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inampa haki ya kutumia nyumba aliyoishi na mumewe, na ndoa iliyoandikwa komine ndiyo ushahidi wake. Mpangaji atunze mkataba na risiti za kodi. Picha za kila chumba, kisima, choo, ukuta na miti ya maembe na parachichi zipigwe mapema, na nakala ya kila karatasi ikae kwa ndugu wa mtaa mwingine.

Siku ya kutia sahihi, fomu huwa kwa Kifaransa. Asiyekisoma aombe ifasiriwe mpaka mstari wa mwisho, na asiondoke bila nakala yake. Zamani matrikile ilitosha, kwa kuwa kampuni ndiyo iliyokumbuka kila kitu. Leo kampuni mpya haimjui mtu kwa sura wala kwa jina la baba yake. Inajua kile kilichoandikwa.