Kiti cha Wilaya ya 136

Mtu achaguliwapo kuwa mjumbe, kiti akikaliacho huwa cha nani? Ni chake mwenyewe, ni cha Baraza limpokealo, au ni cha wale waliompigia kura? Swali hili lilipata jibu lake kwa taabu katika wilaya moja ya uchaguzi mjini Atlanta, katika jimbo la Georgia, Marekani.

Hadi mwanzo wa miaka ya 1960, viti 205 vya Baraza la Wawakilishi la Georgia viligawanywa kwa kaunti, wala si kwa hesabu ya watu. Kaunti nane kubwa zilipata viti vitatu vitatu, thelathini zilizofuata viwili viwili, na zilizosalia kimoja kimoja. Hivyo Fulton, yenye sehemu kubwa ya Atlanta, ilikuwa na wajumbe watatu kwa watu 556,326 waliohesabiwa mwaka 1960, na Echols, yenye watu 1,876, ilikuwa na mmoja. Mahakama zilipoamuru mgawanyo ufuate idadi ya watu, wilaya mpya zilikatwa. Katika uchaguzi wa 1965 Wilaya ya 136, ambayo wakazi wake wengi walikuwa Weusi, ilimchagua Julian Bond, kijana wa miaka 25.

Bond alikuwa msemaji wa SNCC, chama cha vijana waliopigania haki za raia. Tarehe 6 Januari 1966 chama hicho kilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam, naye akaliunga mkono. Siku nne baadaye Baraza lilikataa kumwapisha, kwa kura 184 dhidi ya 12.

Jambo hilo halikuwa geni Georgia. Mwezi Septemba 1868 Bunge lilikuwa limewafukuza wajumbe Weusi, miongoni mwao Henry McNeal Turner, kwa hoja kwamba Katiba iliwapa haki ya kupiga kura lakini haikuwapa haki ya kushika cheo. Walirudishwa mwaka 1870. Safari hii rangi haikutajwa. Kilichotajwa ni uaminifu wa mjumbe kwa nchi yake.

Wapiga kura hawakukubali. Februari 1966, ulipofanywa uchaguzi wa kujaza nafasi iliyoachwa wazi, walimchagua Bond tena. Na Novemba wakamchagua mara ya tatu. Martin Luther King alijiunga na mashtaka yake mahakamani, kwa kuwa naye alikuwa mkazi wa wilaya hiyo. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kauli moja, iliamua kwamba Baraza halina mamlaka ya kumzuia mjumbe kwa sababu ya maoni yake. Januari 1967 Bond aliapishwa.

Wahenga walisema: wengi wape, usipowapa watajitwalia. Wale 184 walijihesabu kuwa ndio wengi; kumbe wengi walikuwa nje ya ukumbi, nao kwa mwaka mzima walitawaliwa kwa sheria zilizotungwa bila sauti yao.

Bond alihamia Seneti ya jimbo mwaka 1975, akakaa humo hadi 1987. Alifariki mwaka 2015. Mipaka imechorwa upya mara nyingi, hata namba 136 ikapewa wilaya nyingine, nje ya Atlanta. Wajumbe hupita, na namba huhama. Haki iliyothibitishwa hapo ni ya mpiga kura, popote alipo.