Zana Ambayo Haijafunguliwa: Tangu Jembe la Mhunzi Hadi Soko la Mtandaoni

Siku hizi si ajabu kukuta katika soko la mtandaoni tangazo la randa, tupa au seti ya spana za miaka arobaini iliyopita, likiwa na maneno haya: "Ya zamani, haijafunguliwa." Boksi lililolala darini kwa babu linaweza kumpata mnunuzi wa Mwanza au wa ng'ambo, na mwenye mali asiondoke Katesh. Wengi huiona biashara hii kuwa ni jambo geni kabisa. Lakini tukitazama historia tutaona kwamba zana isiyotumika imekuwa mali tangu zamani, na kwamba thamani yake imetegemea siku zote mambo mawili: mahali ilikotoka, na ukweli wa neno la muuzaji.

Kabla ya utawala wa Wajerumani, chuma kilikuwa kitu adimu. Wairaqw walilima milima ya Mama Isara, na jirani zao Wadatoga walikuwa na ukoo wao wa wahunzi, Gidang'odiga, ambao hata leo huko karibu na Ziwa Eyasi hufua vyuma chakavu kuwa vichwa vya mishale na bangili. Mbali kidogo, Waugweno wa Upare walifua chuma kilichouzwa hadi Uchagani. Na katika Unyamwezi jembe la Warongo lilipokelewa kama fedha na kulipiwa mahari. Jembe la namna hiyo lilikuwa na heshima kubwa zaidi likiwa bado halijaonja udongo. Huenda aliyelipokea aliligonga, akasikia mlio wake, akamwuliza mleta mali ni mhunzi gani aliyelifua.

Wakati wa ukoloni yakaja majembe ya viwandani kutoka Ulaya. Kiwanda cha Chillington cha Wolverhampton, Uingereza, kiliuza katika nchi nyingi za Afrika majembe yenye alama ya mamba. Sasa alama iliyogongwa kwenye chuma ikashika nafasi ya jina la mhunzi. Baada ya Uhuru tulipata kiwanda chetu cha zana za kilimo, UFI, pale Ubungo, Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China. Na baadaye ZZK ya Mbeya. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, jembe likawa kifaa cha shule kama kalamu na daftari. Wazee wa shule watakumbuka.

Kisha ikaja miaka ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikala akiba ya taifa, na fedha za kigeni zikawa haba. Viwanda vilikosa malighafi, na maduka ya ushirika na ya kampuni za biashara za mikoa yakabaki na rafu tupu. Mtu aliyekuwa na katoni ya misumeno katika stoo yake aliweza kutaja bei aitakayo. Mwezi Machi 1983 Serikali, Waziri Mkuu akiwa Ndugu Edward Moringe Sokoine, ilianza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria maalumu juu ya makosa hayo. Nchini kote wapo waliotupa mali porini usiku kwa hofu. Wakati ule boksi lisilofunguliwa lingeweza kuwa ushahidi mbele ya mahakama. Sababu yake ilieleweka: jembe lililofichwa ni shamba la jirani lisilolimwa.

Mwaka 1984 Serikali ilianza kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na polepole rafu zikajaa. Zana za zamani zikasahauliwa. Lakini mashine haziishi kwa pamoja na siasa zilizozileta. Katika Hanang, mashamba ya ngano ya NAFCO yaliyoanzishwa kwa msaada wa Kanada, yakiwemo Basotu, Setchet na Mulbadaw, yalilimwa kwa mitambo mikubwa ya kigeni. Na Wabarbaig waliopoteza malisho wakaenda mahakamani kudai haki yao. Kanada ilipoondoka mapema katika miaka ya 1990, somo moja lilibaki: mtambo wa kigeni hutaka kipuri cha kigeni. Mwenye trekta kuukuu leo hutafuta beringi ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza zamani, na kwake beringi iliyo bado katika karatasi yake ya grisi ni dhahabu.

Hapo ndipo soko la mtandaoni lilipopata kazi. eBay ilianza Marekani mwaka 1995. Kwetu, M-Pesa iliyoingia mwaka 2008 iliwezesha malipo kuvuka mikoa, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ikayapa nguvu mapatano yafanywayo kwa simu. Hata hivyo, pana tofauti kubwa na mnada wa Haydom au Dongobesh. Mnadani mnunuzi hugonga chuma na kumtazama muuzaji usoni. Mtandaoni ana picha na maneno tu.

Kwa hiyo nawaomba ndugu zetu mlioko shuleni myazingatie haya. Kwanza, "haijafunguliwa" si sawa na "nzima". Chuma kilichopakwa grisi hudumu, lakini mpira hukauka, mkanda wa mashine hupasuka, na mpini huliwa na wadudu ndani ya boksi. Yasemwe yote, kwani sheria ya mauzo hudai bidhaa ifanane na maelezo yake. Pili, pigeni picha ya alama ya kiwanda, ya kutu na ya kona iliyochanika. Tatu, ulizeni historia ya boksi. Likiwa na muhuri wa shirika la umma au wa ushirika, fahamuni lilitokaje stoo kabla ya kulitangaza. Mali ya wananchi haigeuki kuwa ya mtu kwa kukaa darini miaka arobaini.

Mwisho, kabla ya kupeleka tangazo mbali, ulizeni kijijini. Huenda fundi seremala wa jirani anaihitaji randa hiyo kwa kazi ya kesho, naye atalipa bei ya haki. Mkusanyaji wa ng'ambo ataiweka kabatini; fundi ataitia mbao. Kila mtu ana haki ya kuuza chake apendapo, lakini zana ilifuliwa ili ifanye kazi.