Baraza ya Zeno na Kitanzi cha Songea

Jina la Mjimwema, kata iliyomo katika Manispaa ya Songea, humrudisha msomaji kwenye suala la kale: wema wa mji hutoka katika mali na mamlaka, au katika namna watu wake wanavyoyakabili maisha na mauti?

Yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, Zeno, mzaliwa wa Kition huko Kupro, alidarisisha mjini Athens katika baraza yenye nguzo na picha, na kwa jina la baraza hiyo, stoa, wafuasi wake wakaitwa Wastoiki. Nasi watu wa baraza tunajua vyema jinsi elimu inavyonawiri penye kivuli na mazungumzo. Mmoja wao, Seneca, tajiri aliyeandika juu ya ubatili wa mali, aliamrishwa na Kaisari Nero ajiue mwaka 65 baada ya Kristo. Epictetus alikuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu. Marcus Aurelius aliitawala dola nzima ya Rumi. Tajiri, mtumwa na mtawala, wote waliafikiana kwamba cheo, mali, afya, hata uhai, ni amana itakayorejeshwa, na kwamba kilicho milki ya mtu ni hiari yake tu.

Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, walizijua hali zote mbili za bahati. Walifika Ungoni, yaani nchi ya Songea, wakiwa washindi, wakawatiisha wenyeji kwa mkuki na ngao, wakajaza mazizi kwa ng'ombe na nyumba kwa mateka, wala si haki kuyaficha hayo. Lakini mwaka 1897 Wajerumani wakajenga boma Songea, na waliokuwa wakiamrisha wakawa wanaamrishwa. Mwaka 1905, mtu aliyeitwa Kinjala alipoleta maji ambayo watu waliamini yangegeuza risasi kuwa maji, Nkosi (mfalme) Mputa Gama na manduna wake, yaani wakuu walio chini yake, wakaingia vitani dhidi ya Wajerumani. Maji hayakuzuia risasi.

Tarehe 27 Februari 1906 Mputa alinyongwa Songea pamoja na makumi ya wenzake, na wengi wao walikubali kubatizwa na padre wa Kibenediktini kabla ya kupelekwa kitanzini. Nduna Songea Mbano hakuwamo siku ile. Masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba Wajerumani walitaka kumbakiza hai, naye akauliza kwa nini yeye aachwe ilhali wenziwe wameuawa, akakataa msamaha huo, na siku chache baadaye akanyongwa.

Hapa ndipo ninapomtenga Songea na Seneca, ijapokuwa wote wawili waliyapokea mauti bila kubabaika. Mstoiki hujikaza ili nafsi yake isitikisike. Nduna, kwa masimulizi hayo, aliona kwamba uhai uliobakizwa peke yake, baada ya jamaa zake kufukiwa katika kaburi moja la halaiki, haukuwa uhai wa kupokelewa, na ushujaa wake ulikuwa wa ahadi baina ya watu.

Epictetus angesema mwili si wetu. Lakini inaaminika kwamba kichwa cha Songea kilichukuliwa Ujerumani, na Rais wa nchi hiyo, Frank-Walter Steinmeier, alipofika Songea tarehe 1 Novemba 2023 kuomba msamaha mbele ya kizazi cha mashujaa hao, alikuta ukoo wa Mbano ungali ukikiulizia.