Noeli ya 1979 na sanduku la kufuli tatu

Hapa Kakuma joto ni lile lile na vumbi ni lile lile, lakini watoto wameshaanza kuuliza nguo ya Noeli iko wapi. Na sisi wakubwa tunaulizana swali lingine kwa sauti ya chini: pesa ya Noeli tuiweke wapi mpaka siku ifike?

Swali hili linatuuma kwa sababu mwaka jana pesa ya kikundi chetu ilipotea. Tutafika hapo. Kwanza tuwasimulie historia kidogo, maana tumegundua kwamba si sisi wa kwanza kupoteza pesa ya Noeli. Wazee wetu walipoteza kabla yetu.

Tuanzie nyumbani, Kongo, wakati nchi inaitwa Zaire. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilifuta Noeli isiwe tena sikukuu ya taifa. Lakini moyo wa mtu haufutwi kwa amri. Watu waliendelea kwenda kanisani, kupika wali na kuku, na kungojea Bonane. Na kama ilivyo leo, waliweka pesa kidogo kidogo mwaka mzima. Benki zilikuwa mjini tu, na mtu wa kijijini angeenda kufanya nini huko? Pesa ilikaa chini ya godoro, ndani ya mkebe, au kwenye shimo nyuma ya nyumba.

Basi tarehe 25 Desemba 1979, siku yenyewe ya Noeli, serikali ikatangaza kwamba noti za zaire 5 na zaire 10 si pesa tena. Mipaka ikafungwa. Watu wakapewa siku chache tu, mpaka mwisho wa mwezi, wapeleke noti hizo benki wabadilishiwe, na kila mtu akawekewa kikomo cha kiasi anachoweza kubadilisha. Serikali ilisema inataka kupunguza pesa iliyojaa mikononi mwa watu na kukomesha magendo. Lakini wakubwa walijua njia za kupitia. Aliyeumia ni mama wa sokoni, mvuvi na mkulima, yule ambaye benki iko mbali naye na barabara imekufa.

Mzee mmoja jirani yetu hapa kambini alikuwa kijana mwaka ule, kando ya Ziwa Tanganyika. Baba yake alikuwa anauza samaki wakavu. Anasema habari waliisikia kwenye redio ya jirani wakiwa mezani. Baba yake alitoka asubuhi yake na mkebe, akasafiri siku mbili, akakuta mstari umezunguka benki. Alirudi nyumbani na mkebe ule ule, na noti zile zile. Mzee anacheka akitusimulia: "Wadogo zangu walizichukua wakachezea duka. Walikuwa matajiri sana, na sisi tulikula sombe bila samaki." Anacheka, lakini tangu siku ile hakai na pesa. Akipata kitu, ananunua mbuzi au kitenge. Na si yeye peke yake. Wazee wengi wa kwetu walijifunza hivyo: karatasi inaweza kufa usiku mmoja.

Tukadhani labda haya ni ya kwetu tu, nchi zenye shida. Kumbe hapana. Wenzetu wenye benki kila kona nao wana historia yao ya pesa ya Noeli.

Marekani, mwaka 1909, katika mji mdogo wa Carlisle, jimbo la Pennsylvania, mtunza hazina wa benki moja aitwaye Merkel Landis alianzisha akiba ya Noeli. Mtu alileta senti kidogo kila wiki, na pesa haikutolewa mpaka Noeli ikaribie. Mwaka ule wa kwanza kila mtu aliweka wastani wa dola 28 hivi. Wazo likaenea, benki nyingi za Marekani zikaliiga. Faida waliyolipwa ilikuwa ndogo sana, wengine hawakupata hata kidogo. Sasa kwa nini watu walipenda? Kwa sababu walikuwa wanatafuta ukuta. Walijijua kwamba pesa ikikaa mfukoni, Oktoba itakuwa imeisha. Hapo tunafanana nao kabisa.

Lakini ukuta nao unaweza kuanguka. Uingereza kulikuwa na kampuni iliyoitwa Farepak. Familia za kipato kidogo zililipa kidogo kidogo mwaka mzima ili Desemba wapate kapu la vyakula na hati za kununulia madukani. Waliokusanya pesa walikuwa watu wa mtaani: jirani, shangazi, mfanyakazi mwenzako. Oktoba 2006, wiki chache kabla ya Noeli, kampuni ikafilisika. Zaidi ya watu 100,000 walipoteza akiba yao. Pesa haikuwa imetengwa mahali pake salama, ilikuwa imechanganywa na biashara ya wakubwa. Walingoja miaka, na hata hapo hawakurudishiwa yote. Fikiria yule shangazi aliyekuwa anakusanya. Yeye hakuiba kitu, lakini ndiye anayekutana na majirani njiani.

Sasa turudi kwetu, maana huyo shangazi anatuhusu.

Mwaka jana kikundi chetu kilikuwa kinaweka shilingi 100 kila wiki. Kwa mtu anayeishi kwa rasheni na kibarua, hiyo si kidogo. Pesa yote tulimwachia ndugu mmoja, kwa sababu ni mwaminifu na ana simu. Hatukuhesabu pamoja, hatukuandika vizuri. Tulisema, "Tunamwamini." Novemba mtoto wake akaugua sana. Alichukua kidogo ya dawa akijua atarudisha. Akachukua tena ya usafiri. Desemba ilipofika, hakukuwa na kitu. Watu walimtukana mbele ya mke wake. Mpaka leo akituona anabadilisha njia.

Mwaka mzima tulimwita mwizi. Tuliposoma historia hii ndipo tukajiuliza: je, kosa lilikuwa lake peke yake? Tulimpa mtu mmoja mzigo wa watu wote, tukauacha ndani ya nyumba yenye njaa, halafu tukashangaa.

Kwetu tuna likelemba tangu zamani: kila mtu anatoa, mmoja anachukua, wiki nyingine mwingine. Ni nzuri kwa sababu pesa hailali popote. Lakini kwa Noeli ina shida yake, maana wote wanataka zamu ya Desemba, na Desemba ni moja.

Jibu tulilopata lina asili yake nchini Niger. Mwaka 1991, huko Maradi, wanawake wa vijijini wakisaidiwa na shirika la CARE walianza vikundi vya kuweka na kukopeshana pesa yao wenyewe, bila mtaji kutoka nje. Mtindo huo ulienea Afrika nzima, na hata kwenye makambi unajulikana. Sanduku la chuma lina kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu tofauti, na sanduku linakaa kwa mtu wa nne ambaye hana ufunguo. Linafunguliwa mbele ya wote tu. Pesa inahesabiwa kwa sauti, kila mtu anakariri kiasi kilichobaki, hata asiyejua kusoma. Kuna kabati dogo la dharura pia, yaani mfuko wa jamii: mtoto akiugua, mzazi anaomba mbele ya watu na anapewa, haibi. Mwisho wa mwaka yote inagawanywa, sanduku linabaki tupu, mnaanza upya.

Angalieni vizuri. Ukiweka sanduku hili karibu na ile mikasa mingine, utaona tofauti si unene wa chuma. Carlisle walikuwa na benki, Farepak walikuwa na ofisi, baba wa yule mzee alikuwa na mkebe. Sanduku letu mwizi anaweza kulibeba kichwani. Nguvu yake ni kwamba wote wanaona, hakuna anayebaki peke yake na pesa, na pesa haikai muda mrefu. Na kufuli tatu hazikuwekwa kwa ajili ya wezi tu. Zinamlinda hata mtu mwema siku mtoto wake anapougua usiku.

Hivyo mwaka huu tulianza Februari. Tutagawana tarehe 15 Desemba, kabla bei ya kuku na mafuta haijapanda zaidi. Na tumekubaliana nusu ya kila mtu ibaki ya Januari, ya daftari na yunifomu. Wakenya wanaiita Njaanuari, na hawakukosea.

Jambo la mwisho. Wiki iliyopita watatu kati yetu tulienda kwa yule ndugu. Tulimwomba msamaha kwa yale matusi, na tukamwomba mwaka ujao ashike ufunguo mmoja. Mke wake alituletea chai. Yeye alinyamaza muda mrefu, akasema atafikiri.

Bado hatujapata jibu. Nafasi yake kwenye mkeka ipo.

Noeli njema na Bonane kwenu wote.