Charles Bukeko, Soja Aliyependwa Kitale na Bungoma

Wengi wetu hapa Pwani tunamjua kama Papa Shirandula. Jina lake hasa lilikuwa Charles Bukeko, mzaliwa wa 1962, mwenyeji wa Busia. Kabla ya kuingia kwenye televisheni alikuwa mwigizaji wa jukwaani Nairobi.

Kipindi cha Papa Shirandula kilionyeshwa na Citizen TV kwa zaidi ya miaka kumi. Bukeko aliigiza Mluhya ambaye ni soja wa kampuni mjini, lakini nyumbani mkewe Wilbroda anaamini mumewe ana cheo ofisini. Kichekesho chote kilitoka kwenye uongo huo. Kipindi hicho kiliwatoa pia wengine: Jacky Nyaminde aliyekuwa Wilbroda, Kazungu Matano aliyekuwa Otoyo, na Jalang'o, ambaye 2022 alichaguliwa mbunge wa Lang'ata.

Bukeko hakuishia hapo. Tangazo la Coca-Cola, lile la kutetemeka na kusema "brrr", lilipeleka sura yake nchi kadhaa za Afrika, bila kuhitaji lugha.

Nakiri kwamba mwanzoni nilikuwa nikicheka Kiswahili chake tu, kama tulivyozoea Wapwani kuwacheka watu wa bara. Kisha kazi ikanipeleka Kitale na Bungoma. Jioni moja Kitale, baada ya Magharibi, niliingia hoteli ndogo karibu na steji. Kipindi kilipoanza, soja wa duka la jirani alisimama dirishani na rungu lake, akacheka kutushinda sote. Nikamuuliza kama hakioni ni dharau kwa Waluhya na kwa kazi yake.

"Bwana, kabla ya huyu, soja alikuwa anaonyeshwa kwa TV siku duka limevunjwa," akanijibu. "Huyu ana bibi, ana marafiki, ana aibu zake. Ni mtu."

Bungoma nako nilisikia vijana wakiitana Shirandula kwa mapenzi. Tangu hapo nikaanza kumtazama kwa jicho jingine.

Bukeko alifariki Nairobi tarehe 18 Julai 2020, akiwa na Covid-19. Alizikwa kwao Busia kwa haraka, chini ya masharti ya wakati ule, bila ule umati ambao Magharibi ingemtolea.

Nasi Pwani tuna wachekeshaji wetu. Tujifunze majina yao halisi na tuandike kazi zao wangali hai.