Bonasi ya Oktoba, Zege la Mei

Huku Bureti, kwenye milima ya chai ya Kenya, ukitaka kujua kama jengo litakamilika, usianze na ramani. Uliza pesa zake zitaingia mwezi gani. Mimi ni fundi mwashi. Nimejenga madarasa na nyumba za walimu kati ya Litein na Kapkatet, na kwangu historia ya kazi hii ni historia ya kalenda.

Wazee wetu walijenga kwa kokwet, yaani ujirani. Majirani walikusanyika, nguzo zikasimikwa, kuta zikakandikwa, nyasi zikaezekwa, na mwenye nyumba akawaandalia chakula na pombe. Boiyot ab kokwet, mzee wa ujirani, alimjua kila asiyefika, na siku ya huyo kujenga nyumba yake, aliona mwenyewe waliokuja ni wangapi.

Chai ndiyo iliyoleta mabati. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulifungua njia kwa Mwafrika kupanda mazao ya biashara, na KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, ilipoundwa mwaka 1964, wakulima wadogo wakawa na mnunuzi wa kudumu. Malipo ya mwezi yaliishia kwa sukari na mafuta ya taa. Bonasi ilikuwa jambo jingine: mwaka wa chai hufungwa Juni, na kufikia Oktoba hivi mkulima anashika pesa nzito. Kamati za shule, zilizokuwa zimeitikia Harambee ya Kenyatta tangu 1963, zililijua hilo. Ahadi zilichukuliwa mapema, mchango ukakusanywa bonasi ikitoka, mchanga ukapanda kwa lori kutoka Nyakach, na Desemba hadi Februari, mvua ikiwa imepungua, tukajenga. Aliyechanga alipita hapo kila siku akienda kituo cha chai. Niliwahi kusimamishwa na mama mmoja mwenye kikapu mgongoni: “Fundi, jana simiti ilikuwa mifuko minane. Leo mbona ni mitano?” Ilinibidi nimwonyeshe msingi tuliomwaga.

Sisemi Harambee ilikuwa safi. Karibu na chaguzi za 1992 na 1997 wageni wa heshima walimwaga ahadi kuliko pesa, na kuta zikasimama miaka bila paa. Isitoshe, mzazi wa Soin, kule chini kwenye joto kusikofaa chai, angechanga kwa bonasi gani? Kwa hiyo Hazina ya Maendeleo ya Maeneobunge, CDF, ilipoanzishwa kwa sheria ya 2003 na kutengewa asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali, niliifurahia. Bado naiona kuwa haki.

Ila kalenda ilihama. Pesa za CDF zilichelewa kutoka Nairobi, na tangu kaunti zianze mwaka 2013, kila kitu hukimbizana na tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Kandarasi inatiwa sahihi Machi, mvua ya masika ikibisha hodi. Mwanakandarasi mmoja aliniajiri tukamwaga msingi Mei. Mvua ilishuka kila alasiri. Asubuhi tukachota maji mtaroni kwa ndoo, kisha zege likamwagwa juu ya tope, maana karatasi za malipo zilikuwa zinasubiri. Lori la kokoto likazama njiani, na nyuma yake lori la majani mabichi likakwama, chai ikinyauka ndani ya magunia. Yule mama wa kikapu angemuuliza nani? Pesa hazikuwa zake tena, au ndivyo alivyoambiwa.

Wakitafuta dawa ya hali hii, wasomi wa usimamizi wa miradi huandika sana juu ya programu za kompyuta na mafunzo. Hayo ni sawa. Mimi ningeanza na kutangaza zabuni Julai, mkataba ukatiwa sahihi kabla ya Oktoba kuisha, na idadi ya mifuko ikaandikwa ubaoni getini. Jengo likikamilika Februari, sehemu ya pesa ya mwanakandarasi inayoshikiliwa kama dhamana, mara nyingi kwa miezi 6, itakuwa bado haijalipwa masika yote yakipita juu ya paa lake.